Dawati la Ini

Nchi ya Uelekeo haimo katika ramani yoyote niliyofundishwa shuleni, na sitaeleza nilivyofika huko, maana safari yenyewe ilikuwa ya kuchosha kama safari nyingine zote na haina funzo. Nataka kusimulia nilichokikuta. Mimi naitwa Siwema, ni mfamasia, na nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa Morogoro kwa miaka mingi hata nikadhani hakuna ujinga wa binadamu kuhusu kidonge ambao sijausikia. Nilikuwa najidanganya.

Sitaficha kwamba nilikwenda kwa kijicho. Nilikuwa nimesikia kuwa huko kuna watu ambao dawa zao zina utii. Huku kwetu dawa ukishaimeza imeshakutoka mikononi: inashuka tumboni, inapenya kuta za utumbo, inaingia kwenye damu, na damu inaizungusha mwili mzima kama mgeni anayeonyeshwa nyumba, chumba hadi chumba, hata vile vyumba ambavyo hana shughuli navyo. Ndiyo maana kidonge cha mafua kinakulaza usingizi, na cha jino kinakuchoma tumbo. Waelekeo, niliambiwa, wameweza kuituma dawa ikaenda pale tu inapohitajika. Nikasema haya lazima nikayaone kwa macho yangu.

Nilifika na kichwa kinanigonga kwa jua. Nikiwa nimekaa kwenye baraza ya mapokezi pamoja na wasafiri na wenyeji, nilitoa kidonge mkobani, nikakimeza kwa maji, nikafunga chupa yangu. Baraza nzima ikanigeukia. Mwanamke aliyekaa kando yangu alimfunika mwanawe macho kwa upindo wa kanga. Bwana mmoja wa makamo akaniuliza, kwa upole wa mtu anayemsemesha aliyevua nguo sokoni, nimekituma wapi. Nikamuuliza anazungumzia nini. Akasema, kidonge. Nilipomjibu kwamba sikukiambia kitu chochote, alisogeza kiti chake mbali na changu.

Hawakuchelewa kuja askari wawili, watu wa adabu sana, wakanieleza kwamba nashitakiwa kwa kosa la kuachia dawa bila anwani. Waliniomba nikae nisitikisike mpaka kidonge kitulie, kwa kuwa kwa wakati ule hakuna aliyejua kiko wapi. Nilikaa. Kichwa kilipona, na sikuthubutu kuwaambia.

Kisha nikapelekwa kwa Bwana Kitwana Mshale, Mkuu wa Idara ya Anwani. Alikuwa mtu mwembamba mwenye koti la kijivu lililopigwa pasi likanyooka, na macho ya huruma. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Alinisamehe palepale kwa sababu ya ugeni wangu, na alipojua kazi yangu alifurahi, akanishika mkono kunitembeza idarani kama mtu anayemwonyesha jamaa yake shamba jipya.

Ilikuwa ni ukumbi mkubwa. Juu ya mlango waliandika kwa herufi za rangi ya samawati: Mshika mawili moja humponyoka. Nilidhani ni pambo, kumbe ni sheria. Bwana Mshale alinieleza kwamba taifa lao lote limesimama juu ya msemo huo. Kidonge kikitumwa kwenye maumivu mawili kitachanganyikiwa njiani na kuyakosa yote. Kwa hiyo kila maumivu yana dawati lake, na kila dawati lina Mwelekezi wake, na mwenye maumivu mawili hupewa vidonge viwili, mwenye manne vinne. Nikaona madawati yamepangwa kwa safu: Kichwa, Jino, Mgongo, Goti, Tumbo, na mengine mpaka mwisho wa ukumbi. Mbele ya kila dawati watu walikuwa wamepanga foleni kwa utulivu. Mwelekezi hukiweka kidonge kwenye kiganja, hukisogeza karibu na mdomo wake, na kukiambia kwa sauti ya mzazi anayemtuma mtoto dukani: nenda gotini, goti la kushoto, usisimame tumboni, usipige soga. Ndipo mgonjwa humeza.

Katikati ya ukumbi kulikuwa na pipa moja. Waelekezi wote walichota vidonge kwenye pipa hilohilo.

Nilichukua kimoja nikakinusa, nikakigusisha ulimi. Nilikijua. Kilikuwa kile kidonge cheupe cha maumivu na homa ambacho hakuna nyumba isiyokuwa nacho, kile ambacho watu hukiona kama maji kwa sababu kimezoeleka. Nilimuuliza Bwana Mshale, kwa sauti ndogo nisimwaibishe mbele ya watu wake, kama anajua kwamba cha kichwa na cha goti ni kitu kimoja. Nilitarajia ashtuke au akane. Yeye alicheka.

"Bila shaka ni kimoja, Bibi Siwema," alisema. "Mapacha wakitumwa, mmoja mashariki na mwingine magharibi, utasema wamekwenda safari moja?"

Udanganyifu nimeuzoea, nimepambana nao maisha yangu yote, na unajua pa kuushika. Hapa hapakuwa na anayemdanganya mwenzake. Kila mtu aliliona pipa.

Nilimwambia kwamba hao mapacha wanaingia kwa mlango mmoja na kupokewa na mwenyeji mmoja. Kila kinachotoka utumboni hupitia kwenye ini kabla ya kwenda kwingine kokote. Ini ndilo linalokipokea kidonge, ndilo linalokivunjavunja, na katika kukivunja hubaki sumu kidogo ambayo ini huizima kwa akiba yake lenyewe. Akiba hiyo ina mwisho. Vikija vidonge vingi kupita kiasi, sumu haizimiki tena, na ini huanza kuungua bila kelele. Nikamuuliza dawati la ini liko wapi.

Alifikiri kwa haki kabisa. Akasema katika utumishi wake wote hajapata kumwona mtu aliyekuja kusema anaumwa ini. Wanakuja wa meno wakilia, wa migongo wakitukana, lakini wa ini, hapana. "Na kiungo kisicholalamika," alisema, "hakina dawati." Baadaye nilikuja kuona kwamba huo ndio utaratibu wao katika mambo yote. Hata mitaa isiyopiga kelele haikuwa na bomba la maji, na mitaa yenye watu wa domo ilikuwa na mabomba hata kwenye nyumba zisizo na watu.

Siku ya soko walinipeleka kusikiliza kesi katika Mahakama ya Dawa Zilizopotoka, ambayo ni fahari yao ya pili. Jaji alikuwa mwanamke mzito wa maneno, Jaji Mwanamkasi, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa Baraza la nchi. Aliyeleta shauri ni mwendesha mkokoteni wa ng'ombe. Alipewa kidonge cha mafua, ambacho hakitoki pipani bali kina chupa yake, kikatumwa puani, akashikwa na usingizi akiwa barabarani, na ng'ombe wakaingia bustanini mwa watu wakamaliza mchicha. Jaji aliuliza kama kidonge kilielekezwa vizuri. Mwelekezi akaapa. Basi jaji akahukumu kwamba kidonge kwa makusudi kiliacha njia ya puani kikapanda kichwani. Kwa kuwa mkosaji mwenyewe alikuwa amekwisha yeyuka, ndugu zake waliokuwa ndani ya chupa walimwagwa juu ya meza, wakachapwa kwa ufagio, na kurudishwa rafuni. Mwendesha mkokoteni akapewa kingine palepale, safari hii kikaelekezwa kwa ukali, naye akapanda mkokoteni wake kwenda zake.

Nilisimama nikauliza kama kuna anayeona kwamba huyu bwana asiendeshe leo. Walinicheka, lakini kwa wema, kama unavyomcheka mgeni anayekula ugali kwa uma. Nilikaa chini kwa hasira, na aibu pia, maana mkokoteni ulipita dirishani na tayari jamaa alikuwa anapiga miayo.

Nyumba niliyofikia ilikuwa ya Bi Sikudhani, mjane wa rika langu, mpishi ambaye sifa zake zilikuwa zimeenea mji mzima. Tulielewana siku ileile. Alikuwa mwanamke wa mzaha, anayekukaripia huku anakupakulia, na kufikia kesho yake alikuwa ananiita shoga na kunipangia kazi za kumenya vitunguu. Alikuwa na jino bovu, mgongo wa kuinama jikoni, goti la kupanda ngazi, na kichwa cha moshi wa kuni. Kila asubuhi, mchana na jioni alikwenda kwenye madawati manne, akapokea vidonge vinne, kila kimoja na anwani yake. Kifuani alivaa beji ya kitambaa inayotolewa na Idara kwa raia asiyekosa foleni. Nilijaribu kujumlisha vidonge vyake vya siku moja kichwani mwangu, nikaacha kabla sijamaliza, kwa kuogopa jumla yake.

Nilimwambia siku hiyohiyo, jikoni, kwa lugha ya kazi yake. Nilimuuliza: ukitia chumvi kwenye sufuria, unaweza kuiambia iende kwenye kiazi na iiache nyama? Akageuka na mwiko mkononi.

"Chumvi haina masikio, shoga. Dawa imefundishwa."

Tulicheka sote wawili, naye akanionjesha mchuzi. Sikuendelea. Nilidhani nina wakati.

Wakati sikuwa nao. Baada ya siku chache Bi Sikudhani aliacha kula chakula chake mwenyewe. Harufu ya mafuta ilimtapisha. Alisema ni uchovu, kisha akasema ni tumbo, na kwa kuwa tumbo lina dawati, alipanga foleni ya tano akapewa kidonge cha tano kutoka pipa lilelile. Halafu akaanza kujishika chini ya mbavu za kulia, si kwa maumivu makali, ila kama mtu aliyebeba mzigo usiokaa sawa. Asubuhi moja alipofungua dirisha na mwanga ukamwangukia usoni, niliona weupe wa macho yake umekuwa rangi ya bizari.

Ninajua rangi hiyo maana yake nini. Nilimwambia, bila kumtisha na bila kumficha, kwamba ini lake linaungua, kwamba asimeze hata kimoja zaidi, na kwamba twende naye hospitali kwetu siku hiyohiyo, maana iko dawa ya kuliongezea ini akiba yake na inasaidia zaidi ikiwahi. Aliniamini nusu. Akasema kama Idara itaruhusu, atakwenda, hata kwa ajili ya kuniona mimi ninavyoishi.

Idara haikuruhusu. Iko sheria huko kwamba mwili wenye dawa njiani hauhami nyumba; kwenda kazini au dawatini na kurudi tu ndiko hakuhesabiwi kuhama. Mgonjwa akimeza akiwa mtaa huu kisha akahamia mtaa mwingine, anwani inakuwa ya uongo na kidonge kinazunguka bila pa kufikia. Na kwa kuwa Bi Sikudhani alikuwa na dawa njiani wakati wote, asubuhi hadi asubuhi, hapakuwa na saa ambayo sheria ingemwachia kuondoka. Nilimwambia Bwana Mshale basi aache kumpa, dawa iishe mwilini, apate kusafiri. Alinitazama kama niliyemwomba amvue mtu nguo. Akasema kumnyima raia anwani zake ni ukatili ambao yeye hawezi kuufanya, na kama nina hoja niipeleke kwenye Baraza.

Niliipeleka. Baraza lilikutana mbele ya nyumba ya Idara, na Bi Sikudhani alibebwa kwenye kiti mpaka hapo, huku mkeka wa nyumbani kwake umewekwa chini ya miguu yake ili anwani isibadilike. Aliingia akiwasalimia watu kwa majina, akimtania huyu na yule. Nilikuwa nimeomba sufuria ya mchuzi wa kawaida, uliokolea chumvi sawasawa. Nikawaita wajumbe wanne. Mmoja nikamwambia atie chumvi ya viazi, wa pili ya nyama, wa tatu ya nyanya, wa nne ya mchuzi wenyewe, kila mtu kiasi kinachokitosha kitu chake. Wakatia. Nikakoroga, nikampa kila mmoja kijiko.

Walitema wote. Mjumbe mmoja mnene alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na mimi moyoni nikasema, Alhamdulillahi, wameelewa. Alipopata pumzi alisimama akasema kosa ni la mgeni, kwa kuwa chumvi imetiwa bila kuelekezwa. Wajumbe wakapiga meza kumuunga mkono.

Bi Sikudhani aliomba kijiko. Alionja kama mpishi anavyoonja, kwa ncha ya ulimi, akakiweka kijiko chini.

"Mchuzi huu umeharibika," alisema polepole. "Na ukiharibika hivi hautengenezwi kwa kuongeza kitu." Akaniangalia mimi, si Baraza. Nilijua kwamba ameelewa.

Hapo nikasahau adabu. Niliwaambia waache chumvi, watazame macho ya mwanamke huyu. Ini lake linaumwa, nikasema. Limefanya kazi ya madawati yote, kila kidonge mlichokituma kwingine kimepita kwake kwanza, na halijawahi kulalamika kwa sababu halina sauti ya kulalamikia. Hiyo ndiyo sauti yake, hayo macho. Mnamwacha anayebeba wote kwa sababu hapigi kelele. Nilisema mengi, na naamini sikupata kusema vizuri hivyo maishani. Watu walikuja kumtazama mmoja mmoja. Wengine walitokwa na machozi. Bwana Mshale alitoa kitambaa akajifuta, na Jaji Mwanamkasi akaahirisha kikao ili wafikiri.

Walijadiliana mchana kutwa. Mjumbe mnene alihofia kwamba ini likipewa nafasi, kesho yatakuja na mafigo. Mwingine akauliza, kwa uchungu wa kweli, ni taifa gani hili linaloweza kumsahau mtumishi wake mkubwa hivyo. Jioni Jaji Mwanamkasi alisoma uamuzi: ini linatambuliwa rasmi, na limeombwa radhi. Umati ukashangilia. Nilimkumbatia Bi Sikudhani, na nilikuwa nalia kwa furaha. Alikuwa mwepesi mikononi mwangu, mwepesi kuliko alivyopaswa kuwa. Nilimwambia kesho wataacha, na kesho kutwa tutakuwa njiani.

Kesho yake walituita ukumbini. Walikuwa wamepamba mlango kwa majani ya mnazi. Mwisho wa safu ya madawati palikuwa na dawati jipya, mbao zake bado zikinukia randa, na kibao kimeandikwa Ini kwa herufi za samawati. Nyuma yake alisimama Mwelekezi kijana katika koti jipya. Bwana Mshale alinipokea kwa mikono miwili. Alisema historia itakumbuka kwamba ni mgeni aliyewafumbua macho, na kwamba wa kwanza kuhudumiwa atakuwa Bi Sikudhani, kama ilivyo haki yake.

Mwelekezi alikwenda kwenye pipa. Akachota kidonge cheupe, akakileta kiganjani, akakisogeza mdomoni. "Nenda kwenye ini," alikiambia, na sauti yake ilikuwa ya upendo. "Limechoka. Ukalisaidie."

Nilipiga kelele. Sikumbuki maneno, nakumbuka tu kwamba askari wawili walinishika mabega, kwa adabu ileile, kwa kuwa ni haramu kusema dawa inapoelekezwa. Bwana Mshale alinijia akiwa ameduwaa, ameumia, kama mtu aliyerudishiwa zawadi. Akaniuliza si mimi niliyesema ini linaumwa? Nikamwambia kinachomwumiza ndicho hicho mnachompa. Akasema hapana, kile kilichotangulia kilitumwa kwingine, ini lilikuwa linakipata kwa bahati mbaya. Hiki ndicho cha kwanza kulijia chenyewe kwa jina lake.

Bi Sikudhani alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mkeka miguuni. Kidonge kilikuwa kiganjani mwake sasa. Nilimsihi kwa jina lake. Nilimwambia, kumbuka mchuzi.

Alitazama ukumbi mzima: majani ya mnazi, majirani zake waliovaa nguo za sikukuu, yule Mwelekezi kijana anayesubiri kwa wasiwasi. Kisha akanitazama mimi na kutabasamu kwa ule uso wake wa manjano.

"Nimekumbuka, shoga," alisema. "Lakini dawati hili limefunguliwa kwa ajili yako, na watu wote wapo. Nikikikataa, aibu ni yako. Mimi mgeni wangu haaibishwi. Kimoja tu hakidhuru."

Akakimeza.

Sitasema kwamba kidonge hicho kimoja ndicho kilichomuua. Mfamasia hana haki ya kusema hivyo. Vilimuua vyote, na vingine vilivyofuata, maana kesho yake na kesho kutwa walimletea nyumbani vya jino na mgongo na goti na kichwa na tumbo, na sasa na vya ini, na alikuwa amedhoofika sana asiweze kukataa. Nilivimwaga nilivyoweza. Walileta vingine. Alianza kuniita kwa jina la mama yake, akiniuliza kama nimefunika mtungi, kisha hakuniita tena. Nilikaa naye nimemshika mkono, na nilikuwa na hasira kubwa hata sikuweza kulia mpaka tulipokwisha mzika.

Mahakama ya Dawa Zilizopotoka ilikaa kusikiliza kifo chake, kama wafanyavyo kila raia mwenye beji anapofariki. Vidonge vya jino, mgongo, goti, kichwa na tumbo vilikutwa na hatia ya kupita palipo na ini bila kutumwa huko, na ndugu zao wakachapwa ufagio. Lakini kuhusu kidonge cha ini, Jaji Mwanamkasi alisema hakina kosa lolote. Kilikwenda moja kwa moja, hakikusimama njiani, na kilifika hasa pale kilipotumwa. Aliagiza iandikwe kwamba hicho ndicho kidonge cha kwanza katika nchi ya Uelekeo kilichothibitika kutii. Watu walisimama wakapiga makofi, na Bwana Mshale, huku machozi yakimtiririka kwa ajili ya Bi Sikudhani, alinibandika beji kifuani.

Nilirudi nayo nyumbani. Imo kwenye droo ya kaunta, chini ya mkasi na gundi, na sijui niifanye nini.

Juzi aliingia dukani mama mmoja, amejifunga kanga, anaonekana amechoka na kazi. Aliniomba dawa ya kichwa, ya pakiti nyekundu. Kisha akataka na ile ya buluu, ya mgongo, na akikumbuka palepale kwamba mwanawe mkubwa ana mafua na yeye pia ameanza kupiga chafya, akaongeza ile ya njano. Nikazipanga zote tatu juu ya kaunta. Majina ni tofauti, rangi ni tofauti, na nyuma ya kila moja, kwa herufi ndogo sana, kitu kilichomo ndani ni kilekile. Alikuwa ameshanyoosha mkono kuzichukua.

Nikaweka kiganja changu juu ya pakiti zake, nikamwomba radhi kwa kumchelewesha, nikamuuliza nyumbani anapikia sufuria ngapi za mchuzi, na kila sufuria anaitia chumvi mara ngapi.